Akiba ya Somo Wangu

Watu wengi wa mtaa wetu wa Dunda waliuogopa ulimi wa Somo wangu, na wengine walimcheka kwa mitungi yake. Mimi nilimjua kuliko wengi wao. Kwetu somo ni mwanamke anayemfunda msichana mambo ya utu uzima na ya nyumba, na nilipovunja ungo mama alimwita yeye. Tangu siku ile mpaka vita vya Wajerumani vilipopita Bagamoyo, hakuna jambo la nyumba yangu ambalo hakulitia neno. Alizaliwa wapi na watu wake walikuwa nani, hayo sikuyajua. Yalisemwa mengi. Mwenyewe akiulizwa alijibu, "Mimi mtu wa hapa hapa," akaendelea na kazi yake.

Nianze na mitungi. Kila jioni, akishapima mchele wa kupika, alitia mkono ndani ya ungo akachota konzi moja, akaitia katika mtungi uliokaa nyuma ya mlango wa chumbani. Hata siku aliyopika kibaba kimoja cha kula peke yake, alichota. Mtungi ukijaa aliuchanganya mchele na pilipili kavu kwa ajili ya fukusi, akaufunika kwa kifuu cha nazi, akauziba kwa udongo, akaanza mwingine. Mavuno mapya yakiingia alifungua ule wa zamani akaula, akajaza upya. Kwa hiyo mchele wake haukuoza, ila mara zote alikula mchele wa mwaka jana, na wageni wake walijua. Mama yangu alisema wali wa Somo una harufu ya mlango.

Nilipokuwa mwari ndani, nilingoja nifundishwe mambo ya waume, ambayo wenzangu walikuwa wameninong'oneza kwa kicheko. Aliyafundisha, tena bila haya. Lakini siku ya kwanza alikaa mbele yangu akaniuliza, "Mumeo akiugua mwezi mzima, utakula nini?"

Nikasema, "Mama atanipa."

"Na mama akiugua?"

"Baba."

"Na baba yako akienda bara asirudi?"

Nikaanza kulia. Mama alisikia, akaingia. "Shoga, unamtisha mtoto. Tumekuita umfunde, si umlize."

"Simtishi," alisema Somo. "Nataka ajue chakula kilipo." Akanifuta machozi kwa upindo wa kisutu chake, nguo ya kujitanda, kisha akaniuliza tena swali lile lile, kwa sauti ile ile, mpaka nikajibu kwamba nitakula nilichokiweka mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuwapikia wapagazi. Wakati wa kiangazi misafara iliposhuka kutoka bara na pembe za ndovu, mji ulijaa Wanyamwezi waliotembea miezi mingi wakila ugali na majani, na kila mmoja alitaka kitu kitamu. Somo alikaanga vitumbua tangu alfajiri, na uji wa mchele aliuuza kwa upawa. Siku hizo pesa za shaba zililia katika kila nyumba ya Dunda. Watu walinunua kofia mpya, walikodi ngoma, walichinja. Mvua zilipoanza na misafara ikakatika, mji ulinyamaza, na watu wale wale walikwenda kwa Mhindi mwenye duka kuchukua unga kwa deni.

Somo hakwenda. Alichokipata kiangazi alikigawa papo hapo, mkono ukiwa bado na mafuta: hiki cha kununulia mchele na kuni za kesho, hiki cha kula, na hiki kingine alikifunga pembeni ya kisutu, wala hakukitaja tena kama mali yake. Cha pembeni kile hakikukaa namna moja. Kingine kilikuwa mchele wa mitungini. Kingine alikipeleka kwa sonara akafuliwa vikuku vya fedha, ambavyo hakuvivaa hata Idi. Na kilichozidi alinunulia minazi Kaole, mmoja mmoja, kwa warithi waliogombana. Ardhi si yake, minazi yake. Ikizaa, alikausha nazi akauza mbata.

Nilimuuliza kwa nini asiweke yote katika fedha, maana fedha haina fukusi.

"Mchele unaliwa na panya," alisema. "Fedha inaibiwa. Mnazi unaungua. Lakini panya, mwizi na moto hawatanijia siku moja, labda Mungu awe amenikasirikia sana."

Msidhani alikuwa mtu mkavu. Alipenda marashi kupita kiasi. Mara nyingine nilimkuta akirudi kutoka dukani ameficha kitu chini ya kisutu, na nikimtazama alisema, "Dawa ya kichwa." Harufu ya waridi ilikuwa imekwisha nifikia. Nyama hakuinunua, lakini katika harusi za watu alikula pilau mpaka wenyeji wakatazamana. Na yeye aliyenikemea kila nilipoazima chumvi kwa jirani, akisikia msiba alikuwa wa kwanza kufika na mchele kichwani, akaumwaga jikoni kimya kimya, akaondoka kabla ya kushukuriwa. Shukrani zilimuudhi. Alisema zinamfanya mtu ajione amelipwa.

Yeye na Mhindi yule wa duka walikuwa na mazungumzo yao ya kila asubuhi. Somo aliketi barazani pake, akauliza bei ya pembe, bei ya mbata, bei ya kitambaa cha merikani, kama mtu anayetaka kununua meli nzima.

"Bibi, chukua kitambaa hiki," Mhindi alimwambia. "Utalipa msafara ukishuka."

"Msafara ukishuka nitakuja na pesa yangu, nichague mwenyewe."

"Kila siku unaketi kwangu, hununui kitu."

"Nanunua habari," alisema, akajifunika akaenda zake. Nadhani Mhindi alimpenda. Siku asipofika alituma mtu kuuliza kama mzima.

Niliolewa na mtu wa Mapinga aliyekuwa akinunua sandarusi, utomvu wa miti uliogandia ardhini, kwa wachimbaji na kuileta mjini. Alikuwa mchapa kazi na mwenye tamaa njema ya maendeleo. Mwaka wa pili wa ndoa yetu, tajiri mmoja wa mjini alikuwa akiandaa msafara wa pembe, akakubali watu wadogo watie fungu lao. Ukirudi, kila mmoja angepata kwa kadiri alivyotia, na wengine walikuwa wamepata mara tatu. Mume wangu hakulala vizuri tangu alipoisikia habari ile. Alitaka kutia kila kitu: riale zetu, nguo za biashara, hata vikuku nilivyoanza kuvikusanya kwa kumwiga Somo.

Nilimwita Somo. Alikuja akakaa jamvini, akanywa kahawa, akaulizia hali ya wazee wa Mapinga mmoja mmoja. Kisha akasema, "Baba, nasikia unasafirisha mali."

"Ndiyo, bibi. Ni msafara mkubwa. Mwenye kuuongoza amekwenda bara mara nyingi, na kila mara amerudi."

"Mara hii asiporudi?"

"Bibi, biashara haitaki moyo wa kuku."

"Sikuambii usitie. Mtu asiyetia hapati. Nakuuliza, msafara ukikawia mwaka, mke huyu atakula nini? Ukiwa na jibu, tia kilichobaki chote, nami nitakuombea dua."

Mume wangu alikasirika, lakini alikuwa amefundwa kuheshimu watu wazima. Akasema atafikiri. Alifikiri siku kadhaa akinijibu kwa mkato, kisha akaweka chini sehemu ambayo ingetutosha mwaka, akatia iliyobaki. Vikuku vyangu aliniachia.

Msafara ule haukurudi. Ndui iliwaingia njiani, kiongozi akafa, wapagazi wakatawanyika na mali. Waliofika pwani mmoja mmoja hawakuwa na kitu ila makovu. Mume wangu alikaa ndani akitazama ukuta. Mimi nilipika kila siku, tukala, na baada ya muda alitoka, akachukua kile tulichokiweka chini, akaanza tena sandarusi, kidogo kidogo.

Nilikwenda kumshukuru Somo, nikijua hapendi. Nilimkuta amelala kitandani mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Shikamoo, Somo. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Nina hasira."

"Na nani?"

Aligeukia ukutani. "Vikuku vyangu vilikuwa katika msafara ule."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Vingapi?"

"Vyote."

Kisha akacheka, kicheko kilichoanza tumboni na kumtikisa mgongo. "Nilitoka kwako nikaenda moja kwa moja kwa yule tajiri. Njia nzima najiambia, nusu tu. Nilipofika, mkono ukatoa vyote. Mara tatu, mwanangu! Na mimi ni mtu, nilitamani." Akaketi, akajifunga kisutu. "Haya. Bado nina mchele na minazi. Nikatie kitunguu hicho."

Tangu siku ile nilimpenda zaidi, na mume wangu, nilipomsimulia, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya mwezi.

Baada ya hapo ulikuja mwaka ambao mvua za vuli hazikunyesha, na za masika zikanyesha kidogo zikakoma. Mtama ulikauka mashambani. Watu wa bara, Wakwere na Wazigua, walishuka mjini na mali yao yote mgongoni. Bei ya mtama ilipanda kila juma. Walioishiwa kabisa waliwaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula. Jina lilikuwa rehani, lakini kila mtu alijua kwamba mtoto asiyekombolewa kwa wakati angeweza kuvushwa bahari, asionekane tena.

Alikuwapo mwanamke wa Kikwere aliyemletea Somo kuni kwa miaka mingi, na binti yake aliyekuwa amekaribia kuvunja ungo. Walikuja wakaketi uani. Somo aliwapa wali, wakala. Walipomaliza, mwanamke yule akasema, "Mama, nyumbani hakuna kitu. Nipe kibaba kimoja kimoja, mpaka mvua."

Nilikuwapo. Nilitazamia Somo aende mlangoni kwenye mitungi. Badala yake alisema, "Siwezi. Mitungi hii imepimwa, na mimi sina mume wala mtoto. Nikikupa wewe leo, kesho ua huu utajaa watu, na mwezi ujao nitakuwa nimekaa pamoja nanyi barabarani."

"Mimi na huyu tu, mama."

"Siwezi." Akaingia ndani, akafunga mlango. Mwanamke yule alikaa kidogo, akamshika binti mkono, wakaondoka. Niligonga, Somo hakunifungulia.

Siku chache baadaye mwanamke akarudi, na gunia dogo la mtama kichwani. Alikuwa peke yake. Alileta na mzigo wa kuni kama desturi. Somo alikuwa akichochea moto.

"Binti yuko wapi?"

Mwanamke alitua gunia, akakaa chini mavumbini karibu nalo, akaliwekea mkono.

Somo alilitazama gunia lile. Akaondoa chungu motoni, akanawa mikono na uso, akavaa kisutu chake kizuri, akaniambia, "Nisindikize." Tulifika kwa dalali mmoja aliyejulikana kwa kupokea rehani, aliyekuwa na ghala karibu na njia ya misafara. Alitupokea vizuri, akaagiza maji ya kunywa.

"Bibi, mtoto yule si mtumwa," alisema dalali Somo alipomweleza shida yake. "Ni rehani tu. Mama yake akirudisha mtama wangu na nyongeza yake, atamchukua."

Somo alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Atautoa wapi mtama mwaka huu?"

"Hilo ni lake."

"Nikikurudishia gunia lako leo hii?"

"Gunia ni moja, na nyongeza je? Bei ya kesho si bei ya leo, bibi. Wewe mfanyabiashara, unajua."

"Najua. Nina minazi Kaole."

Uso wa dalali ulibadilika kidogo tu. Minazi ile ilikuwa imekwisha komaa, na mwenye kununua minazi mwaka wa njaa huinunua kwa bei anayoitaka mwenyewe. Walibishana mpaka adhuhuri. Somo aliing'ang'ania kila nazi, akapandisha sauti, akasimama kama anaondoka, akarudi akaketi. Mwishowe minazi yote ilikwenda, mbele ya mashahidi wawili waliotoka msikitini, na binti akatolewa ghalani. Alikuwa amefunikwa nguo mpya ya merikani. Somo alimwambia aivue aiache, abaki na nguo yake kuukuu.

Tulirudi watatu. Njiani nikasema, "Somo, minazi ile ulisema ni ya uzeeni kwako."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Sasa sina minazi."

Tulipofika, aliwaweka mama na binti katika chumba cha uani na kufungua mtungi wa kwanza. Mpaka mvua zilipokuja tuliishi kwa mitungi ile, wao, na yeye, na mara nyingine mimi na mume wangu, maana sandarusi haikununuliwa mwaka ule. Alipima kwa ukali. Hakuna aliyeshiba siku hata moja, na mtu akinyoosha mkono kwenye chungu mara ya pili alipigwa mwiko. Lakini katika ua ule hatukuzika mtu. Mvua zilipofika, mama na binti walirudi Ukwere na mbegu walizofungiwa katika kitambaa.

Watu waliosema kwamba Somo mwenyewe aliwahi kuwekwa rehani utotoni walilisema zaidi baada ya hapo. Huenda ni kweli. Mimi sikumuuliza, na alipojaza tena mtungi wa kwanza, konzi kwa konzi, hakusema lolote ila kwamba mchele wa mwaka ule ulikuwa mwembamba.

Kisha vikaja vita vile vya Wajerumani. Manowari zilisimama baharini zikapiga mji kwa mizinga, na watu wa Bagamoyo wakakimbia kila mmoja njia yake. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nilipofika kwa Somo nilikuta mlango wazi na yeye hayupo. Jirani alisema amemwona akifuata kundi la watu kuelekea Kaole, na mtungi mmoja kichwani. Sisi tukaenda Mapinga kwa wazee wa mume wangu, tukakaa huko tukilima muhogo, tukisikia habari leo hivi na kesho vile. Mara nilisikia amekufa. Mara nilisikia yuko Unguja.

Mji ulipotulia tulirudi. Dunda ilikuwa majivu na kuta. Nyumba ya Somo haikuwa na paa, na nyuma ya mlango palikuwa na vigae tu. Mume wangu alianza kuezeka yetu. Nilikuwa nimebakiza vikuku vyangu, nilivyovishona ndani ya mto wa mtoto nilipokimbia. Kimoja tuliuza tukanunua mchele na miti ya kujengea.

Siku moja mwanamke wa jirani akaniambia kwamba karibu na boma jipya la Wajerumani kuna bibi mmoja anawauzia askari vitumbua, na kwamba anawatukana wakichelewa kulipa. Niliacha mchele nusu umechambuliwa, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda.

Alikuwa amekaa chini, karibu na ukuta, na mafiga matatu mbele yake. Alikuwa amekonda, na jicho moja limeingia ukungu. Aligeuza vitumbua kwa kijiti, akihisi ukingo wa kila kimoja kabla ya kukipindua. Askari wawili walikuwa wakila wamesimama.

"Shikamoo, Somo."

Mkono wake ulisimama. "Marahaba," akasema. "Yule mchanga ndiye huyo mgongoni?"

Nikampa mtoto. Alimpapasa kichwa, akampapasa miguu, akamnusa shingoni. Askari mmoja alitaka kingine, akamwambia angoje. Tuliulizana hali: nani amekufa, nani amehama, nani ameonekana wapi. Mtungi aliokimbia nao ulimlisha mpaka Kaole na miezi ya mwanzo ya huko. Baada ya hapo alichambua pamba, alisuka makuti, aliombaomba. Neno hilo la mwisho alilisema kama mengine.

Kisha akauliza, "Una kitu ndani?"

"Ninacho, Somo."

"Usiniambie kiasi. Unalala usingizi?"

"Nalala."

"Mumeo je?"

"Anakoroma."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akanirudishia mtoto, akatia unga mwingine katika mafuta.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kwa sababu nilimjua. Nilidhani atanikatalia, atasema hajazoea kulala katika nyumba ya mtu, atasema ana kazi yake. Nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba tumekwisha ezeka chumba cha uani, kwamba mume wangu ndiye aliyenituma, jambo ambalo halikuwa kweli bado, na kwamba asiponifuata nitakaa pale pale mavumbini na mtoto.

Somo alivitoa vitumbua vya mwisho, akawauzia askari, akapokea pesa zao akazifunga pembeni ya kisutu. Akakung'uta unga mikononi.

"Umechelewa," akasema. "Haya, shika hicho chungu."

Kilikuwa bado cha moto. Nikakishika kwa upindo wa nguo yangu, tukaenda.